Kumushai Hakuacha Kazi

Pesa hizi, som elfu thelathini, hatuzipokei, na wewe shemeji Jolchu usinivute koti mbele za watu, bahasha imeshatoka mkononi mwako ikaingia mkononi mwangu, nami nimeshamrudishia aliyeileta, na anayeandika rambirambi pale getini aandike kwamba Kiwanda cha Maziwa cha Toru-Bulak kimetoa sifuri. Juu ya bahasha ile wameandika "kwa familia ya mfanyakazi wetu wa zamani", na hayo maneno mawili, "wa zamani", ndiyo yaliyonipandisha damu tangu asubuhi, siyo kiasi. Mkurugenzi wao Esenkul ameniambia, "Sovet, leo siyo siku ya ugomvi, kuna maiti ndani," nami nikamjibu kwamba maiti huyo ni dada yangu, kama leo siyo siku yake basi anitajie siku yake ni ipi. Amesogea pale walipofungwa farasi, mnamwona, hajaondoka, na afadhali hajaondoka, maana ninayoyasoma yanamhusu.

Haya. Waombolezaji, wazee wetu, majirani wa mtaa huu, ndugu mliosafiri kutoka Naryn mkavuka mlima kwenye barafu, na wewe imamu unayeangalia jua, nitasoma upesi lakini sitaruka kitu. Mimi ni Sovetbek bin Sagindik, mdogo wake marehemu, fundi wa majiko ya chuma, nimesoma hadi darasa la nane tu, mengine nimejifundisha mwenyewe, kwa hiyo mnisamehe mpangilio, lakini kwa ukweli wa maneno sina haja ya kusamehewa.

Marehemu Kumushai binti Sagindik alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 katika wilaya ya Kochkor, mkoa wa Naryn, mtoto wa pili kati ya watano, akitanguliza miguu, wiki tatu kabla ya siku zake, na mama yetu alizoea kusema kwamba tangu siku ile hakuna aliyefaulu kumwambia subiri. Alianza shule ya kijiji tarehe 1 Septemba 1973 akamaliza mwezi Juni 1983, na katika miaka hiyo kumi alihama dawati mara saba, mara jirani anamnakili, mara jirani anavuta kamasi, mara dirisha linapitisha upepo, mpaka mwalimu wake akamwambia baba, "Mzee Sagindik, huyu binti yako mjengee darasa lake peke yake." Mwaka huohuo wa 1983 akaingia chuo cha ufundi huko Frunze, mji tunaouita leo Bishkek, akahitimu mwezi Juni 1986 akiwa mpimaji wa maziwa, yaani yule mtu wa maabara anayesema maziwa haya yana mafuta kiasi gani, haya yametiwa maji, haya yapokelewe, haya yarudi yalikotoka.

Sasa nafika kwenye kazi, na hapa ndipo pana maneno. Tarehe 1 Agosti 1986 alipewa kitabu chake cha kazi, kile kitabu chembamba kinachokaa kwenye kasha la chuma la mwajiri, kinachoandikwa siku uliyoingia, siku uliyotoka na sababu, na ambacho mwajiri anayefuata hukisoma kabla hajakutazama usoni. Mstari wa kwanza ni kiwanda cha jibini upande wa ziwa la Issyk-Kul. Alikaa chini ya miaka mitatu, akatoka tarehe 30 Mei 1989, kwa sababu mpango wa mwaka ulitaka mafuta asilimia tatu nukta nane, na kipimo chake cha kioo kilikuwa kinasema tatu nukta nne, mkuu wa maabara akamwambia, "Kila mtu humu ndani anaona tatu nukta nane, wewe una macho gani?" naye akajibu, "Nina haya mawili tu, mkuu, mengine sijapewa." Walimsimamisha kwenye mkutano wa wafanyakazi, wakamwita Mrukaji, jina walilokuwa wanapewa siku zile watu wanaohamahama kazi, na jina hilo likamganda hadi leo, hata watoto wa mtaa huu walikuwa wanalijua.

Kutoka hapo alikuja kwenye kiwanda kidogo cha maziwa mjini Tokmok, tarehe 12 Juni 1989, na ndiko alikokutana na huyu shemeji yangu Jolchu, dereva wa lori la maziwa, ambaye alirudishiwa tangi lake mara mbili kwa kuwa lilikuwa na maji, na mara ya tatu akaleta maziwa safi na posa kwa pamoja. Jolchu anatikisa kichwa, anasema maji yale yalikuwa ya wakulima, siyo yake. Haya, ya wakulima. Walifunga ndoa tarehe 6 Oktoba 1990 hapahapa Tokmok, wakajaliwa watoto wawili, Aizirek aliyezaliwa tarehe 22 Julai 1991, na Nurtilek aliyezaliwa tarehe 3 Februari 1994, wote wapo, wajukuu ni wanne.

Kiwanda kile kilifungwa mwaka 1992 kama vilivyofungwa vingi, na kwa miaka sita kitabu hakina mstari hata mmoja, alikuwa sokoni anauza mtindi na siagi, na wengi wenu mlinunua kwake, na wengine mlikopa. Mwaka 1998 alirudi kazini, akaanza kuhama, na sitaisoma mistari yote hapa, imamu atanitupia fimbo. Itoshe kusema kwamba hadi mwisho wa mwaka 2013, ukiacha ule wa kiwanda kilichofungwa, kitabu kilikuwa na mistari kumi na mmoja ya kutoka, yote ina maneno yaleyale, ameacha kwa hiari yake mwenyewe. Kiwanda cha aiskrimu alikaa miezi minane, kwa sababu kila Ijumaa alasiri walikuwa wanafungua chupa, na asiyekunywa alionekana anawapeleleza wenzake. Mahali pengine alitoka kwa sababu ya michango, mke wa bosi ana siku ya kuzaliwa, mchango, mama wa bosi ana siku ya kuzaliwa, mchango, akauliza mezani, "Jamani, huyu bosi hana ndugu ambaye hakuzaliwa?" na kesho yake hakusalimiwa na mtu.

Mwaka 2011 aliingia kwenye kampuni ya wageni huko Bishkek, mshahara mzuri kuliko wote aliowahi kupata, maabara inang'aa, lakini wao wana desturi ya kuitana majina matupu, mkubwa kwa mdogo, na dada yangu akiwa na miaka arobaini na mitano alitakiwa amwite mkurugenzi mwenye miaka sitini kwa jina lake kavu, na watoto wa juzi wakawa wanamwita yeye Kumushai, Kumushai, bila dada, bila mama, kana kwamba wanamwita mbuzi aingie zizini. Alijaribu, nasema haki, alijaribu kwelikweli, miezi mitatu mizima hakumwita mtu yeyote, akitaka kusema na mtu alikuwa anainuka, anavuka chumba chote, anamgusa bega. Na chai wanajimiminia wenyewe hadi ukingoni, wakati sisi tunajua kwamba kikombe kilichojaa mgeni humiminiwa akishatakiwa aondoke. Akaondoka.

Na kwa kuwa napenda mambo ya wazi, niseme pia alipokosea. Mwaka 2005 alikuwa kwenye jiko la shule moja hapa mjini, watu wazuri, karibu na nyumbani, watoto wanampenda, akaacha kazi eti mpishi mkuu anaimba wimbo mmoja tangu asubuhi hadi jioni. Nilimwambia, "Dada, mtu haachi mshahara kwa sababu ya wimbo!" akaniambia, "Wewe Sovet huna bosi, jiko lako haliimbi, usinifundishe." Tulinuniana hadi masika.

Ndani ya nyumba yao hayo yalikuwa mabishano ya miaka thelathini. Jolchu alifanya kazi gereji moja miaka thelathini na mmoja, amebadilishiwa wakubwa tisa, wote aliwachekea. Alikuwa anamwambia mkewe, "Bosi akisema mzaha, cheka, unapungukiwa nini? Mwezi wa kwanza inauma, wa pili unazoea, wa tatu unacheka kweli." Naye dada anajibu, "Huo wa tatu ndio ninaouogopa." Mimi sikuwa upande wa mtu. Nilimwona Jolchu akirudi nyumbani na uso usiojua tena kukasirika, nikamhurumia, nilimwona dada akirudi na barua nyingine ya kuacha, na Aizirek anahitaji ada, nikamkasirikia. Na alama yake ilikuwa ndara. Kazini tunavua viatu vya nje, kila mtu ana ndara zake anaziacha kabatini, lakini yeye kokote alikofanya kazi alikuwa anazibeba kwenye mfuko wa nailoni, asubuhi anaenda nazo, jioni anarudi nazo. Ukimwuliza, anasema, "Nisije nikarudi kuzifuata."

Tarehe 3 Februari 2014 aliajiriwa Kiwanda cha Maziwa cha Toru-Bulak, hapa nje ya mji, na siku hiyo aliwekewa karatasi mbili mezani, moja ya kuomba kazi, na nyingine ya kuacha kazi kwa hiari yake mwenyewe, isiyo na tarehe. Ndivyo wanavyofanya wengi, msijifanye hamjui, nusu yenu mnaonisikiliza mna karatasi kama hiyo kwenye kasha la mtu. Alisaini huku anacheka, akaja kunisimulia kibandani kwangu, "Barua hizi nimeziandika nyingi kuliko za mapenzi, moja zaidi itanifanya nini?" Nami nikacheka naye. Hilo ni kosa letu sote wawili.

Lakini pale alikaa. Siyo kwamba palikuwa peponi, redio ilikuwa inapiga kelele tangu saa moja asubuhi, na mkurugenzi alikuwa na tabia ya kuingia maabara bila kubisha na kuonja malai kwa kidole. Wiki ya pili dada akamwambia mbele ya watu, "Mkurugenzi, hicho kidole chako kina vijidudu kuliko ng'ombe wote wa bonde hili." Esenkul, nakupa haki yako, ulicheka, na kuanzia kesho yake ulikuwa unatembea na kijiko mfukoni. Na dada naye akaiacha redio ipige, akaanza kupeleka chakula kwenye meza ndefu wanayokulia pamoja mchana, akaanza kuchanga michango, akamtania mlinzi, akakubali kuitwa Mrukaji na kuitika. Mwaka wa pili nilimwona anarudi jioni mikono mitupu. Nikamwuliza, "Umeibiwa mfuko wa ndara?" akasema, "Nimeziacha kabatini, mdogo wangu, miguu imechoka kuzibeba." Akakaa miaka tisa na miezi tisa. Yeye! Sikuwahi kuona Jolchu akijidai namna ile, alikuwa anawaambia watu sokoni, "Mke wangu kazoea," na dada anamkata, "Sikuzoea, nimepata pangu."

Tarehe 9 Novemba 2023, siku ya Alhamisi, saa tatu asubuhi, alianguka maabara akiwa ameshika kipimo. Alipelekwa hospitali, wakakuta ini limeharibika, na tumbo limejaa maji, alilazwa siku arobaini na moja, akarudi nyumbani, akalazwa tena mwezi Januari. Katika siku zile za kwanza Jolchu alikwenda kiwandani na hati ya daktari ili alipwe siku za ugonjwa kama sheria inavyosema, akaambiwa mkewe siyo mfanyakazi tena, ameacha kazi kwa hiari yake mwenyewe tangu tarehe 8 Novemba, barua yake hii hapa na saini yake hii hapa. Jolchu akarudi akaniambia. Na sisi wote, mume, mdogo mtu, watoto, ndugu, tukaamini. Kwa nini tusiamini? Mistari kumi na mmoja ilikuwa imetuzoesha.

Nilikwenda hospitali nikiwa na hasira, nikamsimamia mgonjwa kitandani nikamwambia, "Umeacha tena? Kwa umri huu, na ini hili? Safari hii nani kaimba?" Akanitazama, akasema, "Sikuacha." Nikasema, "Saini ni yako." Akasema, "Saini ni yangu, Sovet. Sikuacha." Nami nikamjibu kama anavyojibiwa mtoto, "Haya, haya, hukuacha, kunywa supu." Aligeukia ukuta. Hayo nimeyafanya mimi, na nayasoma mwenyewe kwa mdomo wangu, asije mtu kuyasema nyuma yangu.

Mwezi Februari alikuja nyumbani kwangu Bi Saadat, anayefanya usafi pale kiwandani, yumo ndani na akina mama analia, akaleta kikombe cha dada, miwani yake na ndara zake, akaniuliza, "Fundi, mtu aliyeacha kazi kwa hiari anaacha miwani yake?" Tena akanionyesha kwenye simu picha ya daftari la maabara, ukurasa wa tarehe 9 Novemba, tangi la kwanza, mafuta tatu nukta sita, limepokelewa, tangi la pili, limerudishwa, na chini yake saini ya Kumushai Sagindik. Mtu aliyeacha kazi tarehe 8 alikuwa anarudisha tangi tarehe 9! Karatasi ile ya miaka tisa ilitolewa kwenye kasha, ikajazwa tarehe, basi. Nilikwenda kwa Esenkul. Hakubisha. Alisema, "Sovet, siyo chuki, mgonjwa wa miezi mingi anakaa kwenye hesabu ya mishahara, na nafasi inatakiwa mtu, kila kiwanda kinafanya hivi. Na kwa historia ya dada yako, nani angeshangaa?" Nimeyaandika maneno hayo vilevile alivyoyasema. Kama nimeongeza, yuko pale, akanushe.

Mnamwona, anasogea nyuma ya farasi.

Nilirudi kwa dada, akiwa tayari amelala hapa nyumbani, nikakaa chini sakafuni nikamwambia, "Dada, hukuacha." Alikuwa hana nguvu, alicheka kidogo, akasema, "Nilikwambia." Kisha akasema, "Kule kwingine kote niliacha, waandike, sina shida. Hapa sikuacha." Hakutaka pesa, hakutaja fidia, alikuwa anatajataja jambo hilo moja, leo na kesho, kama mtu aliyesahau kufunga mlango. Marehemu alifariki dunia hapa nyumbani Tokmok, Jumapili tarehe 17 Machi 2024, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka hamsini na minane na siku tatu, Jolchu akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomtoa maji tumboni mara sita bila kutudai zawadi, na yule mmoja aliyedai namshukuru pia, alau alidai waziwazi. Tunawashukuru majirani mliosimamisha hili hema la sufi uani tangu jana, mliochinja, mliokaanga maandazi usiku kucha, mliotoa vitanda kwa wageni. Tunawashukuru wafanyakazi wenzake wa Toru-Bulak, watu kumi na tisa waliokuja leo ingawa wangeweza kukatwa siku, na Bi Saadat kuliko wote, na natangaza hapa kwamba ole wake atakayemwachisha kazi kwa picha ile, nitahamia getini kwake na jiko langu.

Na kama ilivyo desturi kabla ya sala, nauliza, kuna mtu anayemdai marehemu? Pesa, kitu, neno? Aje kwangu, mimi Sovetbek, nitalipa leo. Mimi mwenyewe alikuwa ananidai, nilimwita mwongo akiwa kitandani, na malipo yake ndiyo haya ninayoyasoma, Mwenyezi Mungu ayapokee. Lala, dada, tulia sasa, huko unakokwenda hakuna anayekuhamisha.

Imamu, neno moja nimemaliza. Esenkul, sogea karibu, usisimame nyuma ya farasi. Kitabu cha dada yangu kiko kwenye kasha lako. Ule mstari wa tarehe 8 Novemba uufute, na chini yake uandike, tarehe 17 Machi 2024, kazi imekoma kwa kifo cha mfanyakazi. Utie saini. Ugonge muhuri. Nakitaka kesho, saa nne asubuhi, mkononi.